Gita Kavu la Kina Mama wa Giakanja

Lori tupu lililokuwa likifuata vitunguu lilimshusha Kingori pale Kagio, likaondoka kabla hajamaliza kushukuru. Alibaki kando ya barabara na koti lake la sufu mkononi, akijiona mjinga. Asubuhi alipotoka kwao Giakanja, huko Tetu, ukungu wa Julai ulikuwa mzito hata akasukuma baiskeli hadi mjini Nyeri badala ya kuipanda. Huku jua lilikuwa kazini tangu mapema na watu walikuwa wamekunja mikono ya mashati. Wanawake waliopanga nyanya juu ya magunia walisemezana kwa Kikuyu, ila Kikuyu cha huku kina mwimbo wake: maneno ni yale yale, lakini hupandishwa pale ambapo mtu wa Nyeri huyashusha. Alimwuliza mmoja wao njia mara mbili, na mara zote mbili mama yule alicheka kwanza.

"Wewe ni wa Nyeri," alisema. "Nyinyi huongea kama watu wanaoogopa kuamsha mtoto."

Alikuwa akimtafuta mtu aitwaye Gatimu, mpishi wa zamani wa familia moja ya wazungu waliouza shamba baada ya uhuru wakarudi kwao. Dereva wa lori ndiye aliyemweleza kwamba wazungu hao walimwachia mpishi wao kitanda, redio mbovu na gita, na kwamba gita Gatimu alitaka kuliuza. Pesa za kulinunua zilikuwa ndani ya soksi ya Kingori, zikimkwaruza kifundo cha mguu kila alipopiga hatua. Hazikuwa zake. Zilikuwa za kina mama wa kwaya ya kanisa la Giakanja.

Kingori alikuwa amepita miaka thelathini, lakini Giakanja nzima ilimwita "kijana wetu". Baba yake alikufa wakati wa vita vya msituni, mama yake akamfuata kabla vita hivyo havijaisha, na kina mama wa kanisa wakamlea kwa zamu, wiki hii nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Alipokua walichanga wakamnunulia cherehani. Akaiweka kwenye veranda ya duka la Mahesh Vallabhdas mjini Nyeri, na hapo ndipo alipokuwa akishona mpaka leo, mwaka wa sabini na mbili. Hakuna mama aliyewahi kumkumbusha wema huo. Hawakuwa na haja. Alipotaka kwenda Nairobi kwenye kiwanda cha nguo, walikuja kumwombea, wakaomba kwa machozi hadi akaona haya, akabaki. Alipotaka kuoa msichana wa Othaya, walikwenda kumtazama, wakarudi kimya, na habari ile ikafa. Na alipojifunza gita kwa gita la kuazima la mwalimu aliyehamishwa baadaye, walisema, "Mungu ametupatia mpigaji," wakaanza mchango mwingine.

Gita walilolitaka kina mama lilikuwa tayari limeninginia ndani ya duka la Mahesh, kati ya miavuli na taa za chemli. Lilikuwa gita kubwa, jekundu, lenye nyuzi za waya nene na sauti ya kuamsha kijiji.

"Ona tumbo lake," alisema Kagure, mwenyekiti wa kwaya, siku walipokwenda kulitazama. "Kama ng'ombe mwenye mimba. Hili litasikika hadi mtoni."

Kingori aliwaomba ruhusa ya kutafuta kwingine kwanza. "Gita ni kama suti," aliwaambia. "Lazima ipimwe mwilini." Na hilo halikuwa uongo. Miaka ya nyuma sindano ya cherehani ilimpita kidole cha pete cha mkono wa kushoto, na mfupa ukaunga umepinda. Kwa hiyo nyuzi alizibana kwa vidole vitatu tu, na shingo pana ya gita la Mahesh, yenye nyuzi zilizokaa juu sana, ilimchosha kabla ubeti haujaisha. Mkono wa kulia nao ulikuwa na tabia yake. Hakupenda kukwaruza nyuzi zote pamoja, jinsi kwaya zinavyotaka. Alidonoa. Kidole gumba kilitembea chini kwenye nyuzi nene, na kidole cha shahada kikaokota wimbo juu, sauti moja moja, kama kuku anayekula mtama uani.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuwaambia. Wiki chache kabla, mwanamuziki mmoja aitwaye Peterson alikuja verandani kufupishwa suruali. Wakati akingoja amevaa shuka la dukani kiunoni, Mahesh alimwacha Kingori ajaribu lile gita jekundu, naye Kingori akadonoa kidogo. Peterson alisahau kwamba hana suruali.

"Wewe unafanya nini hapa na sindano?" aliuliza. "Sikiza, ndugu yangu. Mwisho wa mwezi bendi yangu inashuka Mombasa. Kuna hoteli imetupa kazi ya mwaka mzima. Gita za umeme niko nazo. Nakosa mtu wa gita kavu, wa kupigia watalii jioni. Kuja tu. Lakini kila mtu na gita yake, mimi sinunuliangi mtu gita."

Hilo ndilo lililomfikisha Kagio. Njiani alijiambia kwamba anakwenda kuchagulia kanisa. Alijiambia pia kwamba gita la kanisa litakuwa mkononi mwake siku zote, na kitu kinachokaa mkononi mwako siku zote ni kama chako. Aliyafikiri yote mawili kwa pamoja, na hakuyaruhusu yakutane.

Gatimu alimpokea kwenye kivuli cha nyumba yake. Alikuwa mzee mwembamba, amefunga aproni ambayo zamani ilikuwa nyeupe.

"Umekuja kununua, au umekuja kupiga?" aliuliza. "Wengi huja hapa wakapiga mpaka chai ikaisha, ndipo wakakumbuka hawana pesa."

"Pesa ninazo. Ni za kanisa."

"Za kanisa! Basi keti vizuri."

Lilikuwa gita dogo, kiuno chembamba, rangi ya asali, na karibu na tundu mtoto wa mzungu alikuwa amechora herufi mbili kwa msumari. Kingori aliliinua, akafumba jicho moja, akaitazama shingo kutoka upande wa mwisho kuona kama imenyooka.

"Unalenga nani?" Gatimu alisema. "Waingereza walishaondoka."

Kingori alicheka lakini hakuacha. Alibana kila uzi chini ya kila chuma cha shingo, akisikiliza kama kuna unaonguruma. Aligonga tumbo kwa kifundo cha kidole, akalinusa tunduni. Kisha akakwaruza wimbo wa kanisa, kwa nguvu zake zote. Sauti ilitoka ndogo na ya adabu, kama mtu anayebisha mlango wa ofisi ya bwana mkubwa. Gita hili lisingeweza kupambana na kwaya. Alilijua hilo papo hapo, pale chini ya kivuli cha Gatimu, na baadaye asingeweza kusema hakulijua.

Halafu akadonoa. Shingo ilikuwa nyembamba, nyuzi zimelala karibu na mti, na kidole chake kilichopinda kikapata pa kukaa kwa mara ya kwanza. Hakikuuma. Aliendelea kwa muda, kichwa kimeinama, mpaka mke wa Gatimu akatoka jikoni na mwiko mkononi akasimama kusikiliza.

"Ule wa kwanza ulikuwa ukimpigia nani?" Gatimu aliuliza alipomaliza.

"Kanisa."

"Na huu wa pili?"

Kingori alivua kiatu, kisha soksi.

Huko Nyeri, Mahesh ndiye aliyeliona kwanza. Alitoka nyuma ya kaunta, miwani kwenye paji la uso, akalizunguka lile gita juu ya cherehani kama mtu anayetazama ajali.

"Fundi, wewe iko pumbavu kabisa. Mimi nataka uzia kanisa gita kubwa, bei ya chini, wewe nakwenda mbali, nakuja na toto yake."

"Hii iko na sauti tamu, Bwana Mahesh."

"Tamu! Kanisa nataka sauti tamu? Kanisa nataka kelele. Utaona Jumapili."

Na Jumapili akaona. Kagure alikuwa mwanamke mnene wa sauti nene, aliyeimba besi pamoja na wanaume bila kuomba msamaha. Alipoinua mkono, kwaya yote ilipanda kwa mara moja, na gita likazama. Kingori alikwaruza hadi kucha ikapasuka. Kwenye benchi za mbele watu walimwona akitikisa mkono na hawakusikia chochote. Mtoto mmoja alimwuliza mama yake kwa sauti kama yule baba anajikuna.

Walipotoka nje, kina mama walimzunguka, na hakuna aliyekasirika waziwazi, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Kijana wetu," alisema Gathoni, mweka hazina, ambaye kila mtu alijua anakitaka kiti cha mwenyekiti. "Mchango wa watu wazima tumenunulia mbu?"

"Hata mbu husikika," mwingine aliongeza.

"Aliyeidhinisha atafute kwingine ni nani?" Gathoni aliuliza, akimtazama Kagure. "Maana gita lilikuwepo dukani, tumelishika kwa mikono yetu."

Kagure alikohoa. Ni yeye aliyetoa ruhusa. "Litabadilishwa," alisema. "Mhindi atalichukua hili, tumwongeze kidogo, atupe lile kubwa. Mpaka tupate hicho kidogo, litakaa kwangu."

"Maitu, ningekaa nalo mimi," alisema Kingori. Alimwita hivyo, mama, kama alivyowaita wote waliomlea.

"Hapana, baba. Likikaa kwako utalizoea."

Alimtazama usoni alipolisema hilo, na Kingori akainamisha macho. Alimkabidhi. Kagure alilipokea kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto mchanga wa mtu mwingine.

"Masharti yake ni yapi?" aliuliza. "Linakula nini?"

"Halili kitu, Maitu. Lakini hili ni gita kavu. Baridi hii ya Julai ni adui yake, mti ukinywa unyevu unavimba. Uliweke mahali pakavu."

Walikuwa wakizungumza Kikuyu, kama siku zote, lakini maneno hayo mawili, gita kavu, Kingori aliyasema kwa Kiswahili, kwa kuwa kwa Kikuyu hakujua jina jingine la chombo hicho. Wapigaji wa mjini waliliita hivyo kwa sababu halina umeme. Huenda waliliokota kwa Wakongomani waliopita Nairobi na nyimbo zao, nao Wakongomani kwa Wafaransa, ambao pia huliita gita la aina hiyo kavu, na hakuna hata mmoja wao anayefikiria maji. Lakini mtu akikutana na neno hilo kwa mara ya kwanza nje ya kanisa la Giakanja, katikati ya ukungu, hana sababu ya kwenda Kongo kutafuta maana yake.

"Kavu," Kagure alirudia. "Nimesikia. Usiwe na wasiwasi."

Siku zilizofuata zilikuwa za baridi ya kuingia mifupani. Mlima haukuonekana wala hakuna aliyeutarajia. Kingori alishona kanzu mpya za kwaya, za buluu, kola nyeupe, akikanyaga cherehani hadi vifundo vikafa ganzi. Kila kanzu ilikuwa na mwenyewe anayemjua kwa kipimo: huyu bega moja limeshuka kwa kubeba kuni, huyu amenenepa tangu Krismasi. Alijua vifua na viuno vyote vya kanisa lile. Alipofikiria Mombasa, alishindwa kuona bahari. Aliona tu chumba ambamo hakuna mtu anayemjua kwa kipimo.

Peterson alipita, safari hii na suruali yake. "Fundi, gita iko wapi?"

"Imewekwa."

"Imewekwa benki ama? Tunatoka Alhamisi asubuhi. Kombi haingojangi mtu. Nikikosa wewe, kuna kijana wa Karatina."

"Kijana wa Karatina anadonoa?"

"Hadonoi. Lakini ana gita."

Jioni moja Kingori alitafuta kisingizio, akapitia kwa Kagure kumpima kanzu mara ya pili. Kagure alikuwa na nyumba mpya ya mabati na, nyuma yake, jiko la zamani la mviringo ambalo hakukubali libomolewe. Alimpa uji kwenye nyumba mpya. Akampa bakuli la pili. Wakaongea juu ya mvua, na kahawa, na kikohozi cha mchungaji.

"Na gita, Maitu?"

"Limelala."

"Limelala wapi?"

"Mahali pazuri kuliko wewe na mimi. Kunywa uji."

"Ningeligusa tu kidogo, nione kama nyuzi zimelegea."

"Kingori," alisema kwa upole, na alipolitaja jina lake bila kuongeza kitu ilikuwa na maana mlango umefungwa. "Ijumaa tunakuja wote dukani kulibadilisha. Gathoni amepata pesa za kuongeza. Utapata lile kubwa, na utalipiga, na watu watasikia. Nini kinakusumbua? Hapa si uko na kila kitu?"

Alikunywa uji. Ulikuwa mzuri, umechachuka vizuri. Angeupata hapo hadi siku atakayozikwa, na wangemzika vizuri, kwaya yote ikiwa na kanzu zinazowakaa.

Jumatano, wakati Mahesh alikuwa amekwenda kula, Kagure alipanda veranda akihema, na gunia la kahawa amelikumbatia kifuani. Alitazama kushoto na kulia barabarani. Kisha akaliweka gunia juu ya meza ya kukatia, akarudi nyuma hatua moja, kana kwamba lingemrukia.

Kabla hajalifungua, Kingori alisikia harufu. Ilikuwa harufu ya moshi wa jikoni, moshi wa miaka mingi, kama ule wa vibuyu vya maziwa.

Rangi ya asali ilikuwa imeisha. Tumbo la gita lilikuwa jeusi na limebonyea, na ubavuni kiungo kilikuwa kimeachana kiasi cha kupitisha ukucha. Kile kipande cha mti kinachoshika nyuzi kilikuwa kimebanduka mzima mzima, kikining'inia kwenye nyuzi zake sita kama jino la mtoto.

"Maitu," alisema. "Uliliweka wapi?"

"Itara."

Itara ni dari la fito lililo juu kabisa ya moto katika jiko la zamani, ambapo wanawake wa nchi ile hukaushia kuni, na mbegu za mahindi, na vibuyu vipya. Hakuna mahali pakavu zaidi kati ya hapo na Sagana.

"Juu ya moto?"

"Ulisema kavu! Ulisema unyevu ni adui yake. Mama yangu aliweka mzinga wa nyuki hapo mwaka mzima na haukufanya ufa. Nami sikuliacha tu. Kila asubuhi nilikuwa nikiligeuza."

"Uliligeuza?"

"Upande huu, na upande huu. Lisiungue."

Kingori aliketi. Alianza kucheka, akasikia kicheko chenyewe si kizuri, akakiacha. Kagure alikuwa ametoa leso na kujifuta uso, ingawa ilikuwa baridi.

"Jana usiku lilipiga kelele," alisema. "Peke yake. Paa! Nikafikiri ni mtu juu ya nyumba. Kingori, Gathoni akilijua hili, kufika Jumapili kiti ni chake. Atasimama mbele ya kanisa aseme Kagure amechoma mchango wa kina mama kama mahindi. Hilo jina halitanitoka. Watoto wa watoto wangu wataitwa wa itara."

Ilikuwa kweli. Giakanja watu hubandikwa majina, na majina hayo hayaachi ukoo.

"Na kesho kutwa wanakuja," alisema Kingori.

"Wote." Alivuta pumzi. "Yule mtu wako wa bendi anaondoka kesho."

Kingori alinyanyua kichwa.

"Ulifikiri hatujui? Giakanja yote inajua. Ndiyo sababu sikukuachia gita." Alisogea karibu, akashusha ile sauti yake nene. "Sasa lichukue. Nenda nalo. Nitawaambia lilipasuka kidogo, ukalipeleka kutengenezwa."

"Lilipasukia mkononi mwa nani?"

Kagure alianza kulikunja lile gunia.

"Watakuuliza, Maitu. Gathoni atauliza hilo kabla hata hajaketi. Lilikuwa kwako. Utasema nini?"

"Nitasema ulikuja kulichukua Jumanne, kulifanyia mazoezi."

"Halafu nisiporudi?"

Jibu walikuwa nalo wote wawili. Mwezi mmoja watasema kijana wetu amekawia. Mwezi wa pili watasema kijana wetu ametuibia. Mama aliyemfungulia mlango alikuwa ndiye anayeufunga nyuma yake, na hakuna namna ya kupita bila yote mawili kufanyika. Akibaki na kusema ukweli, Kagure ataaibika kwa ajili ya neno alilolisema yeye Kingori, na Ijumaa atapewa lile gita jekundu, na atalikwaruza. Akiondoka, atakuwa mwizi wa mali ya kanisa, na hata siku ya kuzikwa hatakuwa na pa kurudi. Aligeuza jambo hilo huku na huku, na kila upande lilikuwa limemshika.

Alichukua kile kipande kilichobanduka, akakifuta masizi kwa ncha ya kanzu ya buluu, akaona gundi ya zamani imekuwa unga. Mti wenyewe haukuvunjika.

"Cherehani itabaki," alisema hatimaye.

"Cherehani ni yako."

"Ni yenu. Mliinunua ninyi. Ibaki hapa, mtampa kijana mwingine. Wakisema nimeondoka na gita, mtu aseme pia kwamba nimeacha cherehani. Utasema hilo, Maitu? Hilo tu. La itara sikuombi."

Kagure alifikiri, na Kingori akaona jinsi alivyokuwa akipima, mwanamke mwaminifu, kama neno moja la ukweli linaweza kutolewa bila kuvuta jingine nyuma yake.

"Wakiniuliza," alisema.

Mchana ule wote hakushona. Alipika gundi ya seremala kwenye kopo, akapaka, akarudisha kipande mahali pake, na kulifunga tumbo lote kwa vipande vya mpira wa gurudumu la baiskeli, akizungusha na kuvuta hadi gita likafanana na mgonjwa wa hospitali. Mahesh alirudi, akanusa, akatikisa kichwa, akaenda nyuma ya kaunta. Kanzu zilikuwa zimebaki mbili. Jioni alizimalizia, akazikunja pamoja na nyingine, ya Gathoni juu kabisa.

Asubuhi ya Alhamisi alikata mipira, akafunga nyuzi, akazikaza polepole, akishikilia pumzi kila kigingi kilipolia. Kipande kilishika. Sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa kavu kweli sasa, fupi, yenye makali kidogo, na kulikuwa na mahali pamoja kwenye uzi wa tatu palipokoroma kwa sababu ya lile tumbo kubonyea. Alitafuta njia ya kupazunguka kwa kidole kile kilichopinda. Alipotea mara kadhaa, kisha akapata.

Kombi ilifika ikipiga honi. Peterson alichungulia dirishani. "Ati hiyo ndio gita? Iliungua wapi?"

"Utaisikia ama utaitazama?"

"Panda, panda. Watalii hawaangaliangi."

Kagure alikuja wakati wa mwisho, na viazi vitamu vilivyochemshwa amevifunga kwenye gazeti. Alimpa kupitia dirishani. Kingori alimshika mkono, ule uliokuwa ukiinuka kila Jumapili na kupandisha watu wote, akausikia umepoa.

"Kaa na amani, Maitu."

"Nenda, baba."

Hakumwambia arudi. Kwa miaka yote aliyomjua, hakuwahi kumwacha mtu aende hata sokoni bila kumwambia arudi.

Gari liliteremka kuelekea barabara ya Karatina, moshi wake ukachanganyika na ukungu, na mara halikuonekana tena, ingawa lilisikika kwa muda likibadilisha gia kwenye mteremko. Barabara ilirudi kuwa ya asubuhi ya kawaida. Mtu alipita na mkokoteni wa mkaa. Mvua nyepesi ilianza, ile isiyoamua kunyesha.

Mahesh alitoka akasimama mlangoni, akitazama cherehani iliyofunikwa kitambaa na kiti kitupu.

"Mama," alisema, "fundi yangu nakwenda wapi?"

"Amepeleka gita ikatengenezwe."

Ilitoka vizuri. Sauti haikutetemeka hata kidogo.

"Gita iko haribika, jana mimi naona," alisema Mahesh. "Nani haribu?"

Lilikuwa swali lile lile ambalo Kingori alisema Gathoni angeuliza, nalo limefika kabla ya Ijumaa. Kagure akaketi kwenye kiti cha Kingori, na Mahesh akaingia ndani kumletea maji.